Neno Moja kwenye Kitabu cha Mlangoni

Joubert Park, Johannesburg

Dada yangu Mwanaidi,

Assalaam aleikum. Goti lako linasemaje? Na Baba, bado anagombana na dawa zake za presha au mmeshamshinda? Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu, nalala na soksi mbili mbili. Nimeamua kukuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwa simu ungenicheka kabla sijafika katikati, na jambo hili nataka ulisikie lote.

Kile kitabu cha zamani cha polisi wa Swideni ulichonipa nikiondoka, eti kininyooshe Kiingereza, nimekisoma. Usigune. Mwanzoni kilinichosha kweli. Bibi mmoja ameuawa kwenye nyumba ya kupanga, na inspekta, badala ya kukimbizana na watu, anashinda akipanda ngazi na viatu vinavyovuja, anauliza maswali yaleyale, anarudi ofisini kunywa kahawa. Nje theluji tu. Nikasema huyu angekuwa Tanga wangeshamhamisha. Lakini taratibu nikampenda. Hapigi mtu, hafoki, na akikosea anakiri.

Sasa sikiliza. Unajua nalinda mlango wa jengo. Ghorofa ya chini kuna karakana ya kushona ya mama mmoja Mzulu, Mama Zodwa. Mafundi wake walikuwa wanne, wanawake watatu na mwanamume mmoja, Papa Dieudonné, Mkongomani wa Bukavu. Huyu ndiye aliyenipokea nilipofika sijui hata kwamba robot ni taa za barabarani. Mkewe, Mama Furaha, hunipikia sombe kila Jumapili, kile kisamvu chao, na hukasirika nisipoongeza. Kila anayetoka na mzigo namwandika kwenye kitabu cha mlangoni, kwa Kiingereza, ndiyo amri ya msimamizi.

Mwezi uliopita nilipelekwa Jeppestown wiki mbili kushika zamu ya mwenzangu aliyeugua. Niliporudi nikakuta cherehani mpya ya Mama Zodwa imeibwa na Papa Dieudonné amefukuzwa. Hakuna aliyekuwa amenipigia kuniuliza kitu. Msimamizi akanipiga begani, akasema kitabu changu ndicho kilichomnasa mwizi. Dada, nilivimba kichwa. Nilimsikitikia Papa, lakini sikufungua kitabu hata kuangalia nilichoandika. Nilijiambia, kumbe mtu humjui. Jumapili ile sikwenda kwao.

Siku chache baadaye, wakati wa chakula, nikafika pale inspekta anaposoma maelezo ya jirani kwa mara ya tatu. Jirani alisema mlango ulikuwa umerudishwa tu. Polisi wote walisoma kwamba umefungwa kwa ufunguo, na mtu asiye na hatia yuko ndani kwa ajili ya neno hilo. Nikaweka chakula kando. Nikafungua kitabu changu. Nimeandika: "He go out with machine in blanket. He say going to repair."

Aliyetoka siku ile, kabla tu sijapelekwa Jeppestown, ni Lindiwe, fundi wa vifungo, aliyeaga kesho yake kwenda kwao na simu yake haipatikani tena. Namkumbuka mpaka kilemba chake. Lakini wewe unanijua, miaka yote ulinipigia kelele kwa he ya mwanamume na she ya mwanamke, na mimi kichwani mwangu mtu "alitoka", basi, awe bibi awe babu. Na karakana nzima ile, he alikuwa mmoja tu.

Nikamwendea msimamizi. Akasema, "Eish, unamficha Mswahili mwenzako," na kwamba nikiendelea na mimi kazi sina. Hata hivyo nikakibeba kitabu mpaka kwa Mama Zodwa mwenyewe, nikamfungulia kurasa za nyuma. Yeye mwenyewe nimemwandika: "Mama Zodwa come at eight. He forget his handbag." Ukurasa baada ya ukurasa, mama mzima, he. Alisoma, kisha akacheka mpaka akakaa. Halafu akashika kichwa, maana alikumbuka alivyomtukana yule mzee mbele za watu. Akanituma nikamwite arudi kazini siku hiyohiyo.

Nilipanda ngazi hadi chumbani kwao, Hillbrow. Nikaeleza, nikaomba radhi huku natazama chini. Papa hakunilaumu. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Umuambie mama. Miye nimeapa mpaka nimechoka." Ndipo nikaona mfuko wake wa nguo mlangoni, umefungwa kamba. Mkewe naye alikuwa ameamini kitabu changu, anamfukuza.

Nikamgeukia Mama Furaha. "Mama, aliyetoka na cherehani ni mwanamke. Nilimwona kwa macho yangu. Papa hakugusa kitu."

Aliinama, akafungua ile kamba, akaanza kurudisha mashati yake kabatini, moja moja, huku analia.

Nisalimie Baba, na shemeji yangu mumeo, na Shangazi wa Pangani mwambie shuka alizonifumia ndizo zinazoniokoa. Wanao wabusu. Nakukumbuka sana, Dada, na hapa najifunza upya yote uliyonifundisha.

Mdogo wako,
Bakari