Alama Tatu za Kura

Jumatatu, 25 Agosti 1958

Mahakamani tangu asubuhi. Kesi ya mbuzi, kesi ya talaka, kesi ya mpaka wa shamba. Liwali ana mafua na hasira. Nimeandika mpaka kidole kimevimba.

Jioni barazani kwa Bwana Kombo, kuwafundisha wazee kupiga kura. Alama tatu: Mzungu mmoja, Mhindi mmoja, Mwafrika mmoja. Ukitia moja au mbili, karatasi imeharibika, haihesabiwi. Mzee Athumani anauliza kwa nini amchague Mzungu asiyemjua. Nikamwambia ndiyo sheria. Hakuridhika. Hata mimi siridhiki.

Wagombea. Nawasema humu kwa kuwa nje hakusemeki tena. Mzungu wa mkonge anajua mkonge, basi. Mzungu daktari ni mpole, lakini chama cha uhuru kimemkumbatia. Mawakili wawili wa Kihindi, sioni tofauti yao ila miwani. Mhina, mtu wa chama, kijana wa Muheza, anatangaza uhuru kama anayenadi samaki wasije wakaoza. Anataka maliwali, maakida na majumbe wote waondolewe. Kesi ya mbuzi ataamua nani? Mpinzani wake, Bwana Kombo, alikuwa akida wa Pongwe. Anajua kila shamba na kila ukoo. Anasema twende polepole. Nina miaka ishirini na minne, na mimi nataka twende polepole. Vijana wenzangu wananiita kizee. Na waseme.

Jumatano, 27 Agosti

Kifua cha Mama kimezidi. Uji vijiko viwili vitatu tu.

Bi Mwanahawa haji tena kumtazama. Jirani wa ukuta kwa ukuta, tena mkubwa wa ngoma ya lelemama ambayo Mama ameicheza tangu sijazaliwa. Wanawake wote wa ngoma wana kadi za chama sasa. Mama pia anayo, kaiweka chini ya mto. Anajua kuwa najua. Hatusemi.

Ijumaa, 29 Agosti

Watu wa chama wametangaza baada ya sala, nje ya msikiti, mbele za watu. Nyumba yenye mtu wa Kombo haiendewi, si harusini si mazishini, mpaka aape kumwacha. Hawataosha maiti, hawatachimba, hawatabeba jeneza. Waliponitazama nilijua hapa Nguvumali nyumba hiyo ni yangu.

Kuzikana ndiyo mila yetu kongwe kuliko zote. Wameigeuza fimbo. Na mimi, mtetea mila, ndiye ninayechapwa nayo.

Jumapili, 31 Agosti

Daktari kaja. Mapafu. Kaniambia nikae karibu naye. Nimeelewa.

Napika mwenyewe, nafua mwenyewe. Lakini yapo mambo mtoto wa kiume hawezi kumfanyia mama yake. Dada sina, shangazi wote wamekwisha. Nikimgeuza, anaona aibu, anafumba macho. Nikimwacha, anatazama mlango. Anatazama mlango tu.

Nilikwenda kwa Bwana Kombo. Nikamuuliza, Mama akifa, watu wa nyumbani kwako watakuja kumwosha? Akasema inshallah. Akasema tumalize uchaguzi kwanza. Akanifungia tende. Nilizila njiani nikilia, mtu mzima na kofia yangu kichwani.

Alhamisi, 4 Septemba

Hali mbaya. Anapumua kwa shida.

Leo nilimpigia hodi Bi Mwanahawa. Alifungua, akaniambia, "Pole, baba. Wajua la kufanya." Akafunga mlango. Hakufunga kwa hasira, na hilo limeniuma zaidi.

Nikishikilia rai yangu, Mama atalala ndani hana wa kumsitiri. Nikiiacha, mimi ni nani? Ya Rabi, sioni njia.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimeapa. Nje ya msikiti, Msahafu mkononi: sitampa Bwana Kombo kura yangu. Maneno hayo tu. Wakaitikia alhamdulillahi. Katibu wa chama akanikumbatia, ananuka sigara. Nilitamani kumsukuma.

Kabla ya alasiri nyumba imejaa wanawake. Bi Mwanahawa kanifukuza chumbani kama kuku. Mama kaogeshwa, kasukwa, kapakwa mafuta. Nimemsikia akicheka. Kicheko chembamba, lakini kicheko.

Najichukia, na nimefurahi.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimepiga kura.

Nyuma ya pazia nilikuwa peke yangu kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Nikatia alama kwa Bwana Kombo. Kisha nikaiweka kalamu chini. Mzungu sikumtia, Mhindi sikumtia. Alama moja. Mimi niliyewafundisha wazee wote.

Itatupwa. Hahesabiwi mtu. Basi kura sikumpa, na kiapo sikukivunja. Na mkono wangu nao haukumkana. Ndivyo karani wa mahakama anavyojidanganya. Nikaikunja, nikaitumbukiza, nikatoka. Katibu akanipungia mkono.

Jumatano, 10 Septemba

Mama amekufa asubuhi. Mkono wake ulikuwa mkononi mwa Bi Mwanahawa. Mimi nilikuwa nje, nachota maji.

Nguvumali yote imekuja. Walipokezana jeneza mabegani mpaka ikabidi niombe nafasi nimbebe mama yangu. Katibu kachimba, kanzu imejaa udongo. Bwana Kombo hakuja. Ametuma mchele.

Jumamosi, 13 Septemba

Hitima imesomwa. Mchele wa Bwana Kombo umeliwa na watu wa chama. Inasemekana Mhina ameshinda kwa mbali. Sikusikia kitu moyoni, si uchungu si furaha.

Watu walipotawanyika nilimkuta Bi Mwanahawa uani akisugua masufuria. Nikampelekea maji. Akasema bila kuinua kichwa, "Hata usingaliapa, tungalikuja. Ngoma moja miaka yote ile, mama yako Zuhura tungalimwachia nani? Twalikuwa twakutisha wewe tu."

Labda ni kweli. Labda anasema hivi kwa kuwa kaburi limeshafukiwa. Sitajua. Nilimmiminia maji, akaendelea kusugua.

Baadaye nikatandika kitanda cha Mama. Kadi ilikuwa palepale chini ya mto. Nikakunjua shuka, nikalaza mto, nikaiacha.