Alhamisi Uliyokwenda Kukaza Mlango wa Dada Yako

Mwaka umetimia, Baba, tangu utuache na viti kumi na vinne vya plastiki pale barazani, na bado kuna watu wanaokuja asubuhi kuvikalia. Mama huwaambia, "Mheshimiwa hayupo tena, jamani." Wao humjibu, "Tunajua, Mama. Tunapumzika tu." Kisha wanaeleza shida zao kama zamani, na Mama anawasikiliza mpaka chai inapoa.

Ulikuwa diwani wa kata hii kwa miaka ishirini na saba na kwa vyama vitatu. Waliokupenda walikuita Mzee wa Hoja. Wasiokupenda walikuita Kinyonga, nawe ulicheka ukasema kinyonga hufika anakokwenda. Sisi watoto wako tulikuita Baba, ingawa miaka mingine tulikuona zaidi kwenye mabango kuliko mezani.

Hukuwahi kuingia mahali bila kuhesabu vichwa. Harusini ulihesabu, kwenye foleni ya hospitali ulihesabu, hata sisi mezani ulituhesabu, na tulikuwa watano tu pamoja na wewe. Siku tuliyokuzika, Baba Mdogo alijikuta anahesabu kwa niaba yako. Alifika mia sita na ushee, kisha machozi yakamvuruga akaacha. Tulijua ungetaka kujua idadi, kwa hiyo tunakuandikia hapa.

Tunakumbuka ulivyokwenda kukaa kwenye benchi la zahanati, na tai yako shingoni, mpaka daktari aliyechelewa afike. Hukumgombeza. Ulimwambia tu, "Na mimi nipo kwenye foleni, nyuma ya yule mama mwenye mtoto." Tangu siku hiyo alikuwa anawahi. Tunakumbuka pia kwamba mtaa wa juu ulipata bomba la maji miaka minne kabla ya mtaa wa chini, na sisi tulikuwa tunaishi mtaa wa juu. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, Baba. Wa mtaa wa chini watalisoma tangazo hili la kumbukumbu, na tukiliruka hilo watatucheka.

Na sasa tuje kwenye mtaro.

Hakuna jambo lililokugombanisha na watu kama mtaro ule mkubwa wa maji ya mvua. Kila masika nyumba za bondeni zilijaa maji mpaka magodoro yakaelea, na baraza la madiwani likaamua lazima uchimbwe. Njia zilikuwa mbili. Moja ilipita kwenye ghala la rafiki yako aliyekuchapishia mabango. Nyingine ilipita kwenye safu ya nyumba nne, na ya tatu katika safu hiyo ilikuwa ya Shangazi, dada yako mkubwa, aliyekubeba mgongoni na kukulea mama yenu alipougua. Kura za kamati zililingana, na wewe, mwenyekiti wake, ndiye uliyebaki na kura ya kuamua. Ulinyoosha mkono, nyumba nne zikaenda.

Nusu ya kata ilisema umemwokoa rafiki yako. Nusu nyingine ilisema umemtoa dada yako kafara ili uonekane mtenda haki. Tulikuuliza sisi, ukatujibu lile jibu lako la siku zote: "Ya baraza hayalali nyumbani kwangu." Ndivyo ulivyofanya kazi. Mambo ya kikao hatukuyasikia mpaka yabandikwe kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi ya kata, nasi tukayasome kwa kusukumana na watu kama wengine wote. Mama alijua kwa ubao kwamba barabara ya nyumbani kwake inafungwa. Na Shangazi alijua kwa ubao, siku ya Jumatatu, akiwa na kikapu mkononi, kwamba nyumba yake inabomolewa.

Hakukusemesha tena. Alipewa kiwanja upande wa pili wa mji, akajenga, akazeeka huko. Miaka tisa. Mazishini hakuja. Aliyetaja jina lako mbele yake alijibiwa maneno manne tu: "Kikulacho ki nguoni mwako."

Mwezi uliopita tulikaa sebuleni kuandika tangazo hili. Tulipofika kwenye majina ya wanaokukumbuka, Mama aliweka kalamu chini. "Bila wifi yangu siandiki," akasema. "Nenda kamuulize kama tumweke." Nikatumwa mimi, binti yako wa kwanza, kwa sababu eti nimerithi mdomo wako.

Shangazi alinipokea vizuri, akanisikiliza mpaka mwisho. Alinyanyuka akaleta kadi yake ya kliniki ya presha, imekunjamana, akaniwekea kidole kwenye muhuri mmoja wa zamani.

"Siku hii nilirudi kutoka kliniki nikamkuta baba yako mlangoni kwangu na bisibisi," akasema. "Alhamisi, tarehe tano. Alinikazia bawaba za mlango. Jumatatu yake nikasoma ubao. Mimi nataka kitu kimoja tu, mwanangu. Kura aliipiga lini? Kabla ya kuja kwangu, au baada? Ukijua, njoo uniambie. Nami nitakwambia kama nakaa kwenye orodha yenu."

Baba, tulishangaa wote. Wewe na bisibisi! Nyumbani taa ikiungua aliitwa fundi, nawe ukasimama chini ya ngazi ukitoa maelekezo. Na tukaanza kuwaza kama alivyokuwa akiwaza yeye miaka yote hiyo. Kama kura ilipigwa baada ya Alhamisi, basi ulikwenda kumtembelea dada yako kwa moyo mweupe. Kama ilipigwa kabla, ulikaza mlango wa nyumba uliyokwisha kuihukumu.

Nilikwenda kwa karani wa baraza, yule mstaafu mwenye mwandiko mdogo kama sisimizi. Alinipeleka kwenye chumba cha nyuma cha ofisi, chenye kabati la chuma linalofunguka kwa teke, akatoa daftari la mihtasari ya vikao. Tulipekua kurasa mpaka vidole vikawa vyeusi kwa vumbi. Nilimuuliza na lile la ghala. Akaniambia, "Hilo humu halimo, binti yangu. Humu mna mikono tu, sababu hazimo." Lakini tarehe ilikuwamo. Jumanne, tarehe tatu. Pembeni alikuwa ameandika kwamba mwenyekiti aliomba dakika kumi kabla ya kupiga kura yake, akazitumia amesimama peke yake kwenye korido.

Siku mbili kabla ya mlango. Kumbe ulijua.

Nyumbani kukawa na kikao kingine. Baba Mdogo alikuwa wa kwanza: "Mwambieni ilikuwa Ijumaa. Bibi wa watu amezeeka, mnataka kumuua? Uongo wa kujenga si dhambi." Kaka akaunga mkono. Mama alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata macho.

"Amekaa na swali miaka tisa," akasema. "Mkimpa uongo sasa, atakaa nao mpaka lini? Mume wangu alimficha mara moja. Sisi hatumfichi mara ya pili."

Nikarudi. Njiani niliogopa, Baba, sitaki kukudanganya. Niliona nakwenda kukuzika upya, safari hii bila watu mia sita. Nilikaa kwenye kiti kile kile, nikasema kwa mkato kabla moyo haujanigeuka.

"Jumanne, Shangazi. Tarehe tatu. Alijua."

Nje mtu alikuwa akipiga misumari kwenye bati, nikaihesabu, maana hilo nalo nimelirithi. Ilipofika kumi na moja, Shangazi akaanza kucheka, kicheko kidogo kama cha mtu aliyeona alichokipoteza kiko mfukoni mwake.

"Sasa nimeelewa," akasema. "Wewe hukuwepo. Mdogo wangu yule hotuba yake ilichukua saa tatu nzima bila kunywa maji. Siku ile alikaza parafujo moja nusu saa nzima, na alikuwa anaizungusha kinyume, mlango ukazidi kulegea. Jasho linamtoka, macho ameyakaza mlangoni. Nikamuuliza, 'Mdogo wangu, una neno?' Akasema, 'Sina, Dada.' Nikamwekea maji, hakuyanywa. Nikamuuliza tena. 'Sina, Dada.' Akaondoka, akafika barabarani, akarudi, akaniuliza kama presha yangu imeshuka. Nikamwambia imeshuka. Akaenda."

Akaichukua kadi yake ya kliniki pale mezani, akaikunja taratibu.

"Miaka tisa nimejiambia, kama alijua, basi alikuja kunicheka. Na kama hakujua, basi hakuwa na neno, alikuja tu kuharibu mlango wangu." Akafuta macho kwa upande wa kanga. "Lakini anayekuja kucheka hatoki jasho namna ile. Kumbe alikuwa nalo. Alikuja nalo mpaka mlangoni, likamshinda kulitoa."

Nikamuuliza kama sasa nimwandike. Akasema niandike, lakini nisiandike kwamba amekusamehe, kwa sababu nyumba ni nyumba, na siku ile ungefungua mdomo angepata siku nne zaidi za kuiaga. Nikamwahidi. Kisha akaniambia niongeze maneno machache, akanisimamia mpaka nikayaandika mbele yake, akayasoma mwenyewe kwa miwani.

Unakumbukwa na mke wako, ambaye viti vya barazani amekataa kuviuza. Unakumbukwa na watoto wako watatu, wajukuu sita, mdogo wako anayeendelea kuhesabu watu kwenye kila msiba, na wananchi wa mitaa yote miwili, wa bomba la kwanza na wa bomba la pili. Ya ghala bado tunauliza, na hatutaacha. Hutatoka mioyoni mwetu, Baba, siku zote za maisha yetu.

Na unakumbukwa na dada yako mkubwa. Anasema: "Mdogo wangu, neno lako limefika."