Laptopu ya Wifi Imetuna, Nami Namwambia Kazi Inaendelea Vizuri

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana nimebanwa kila upande. Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, ndiye pekee aliyenipokea katika ukoo huu, na kwa kuwa mimi ni mchapaji aliniachia laptopu yake nimchapie sura ya mwisho ya utafiti wake wa uuguzi, nami nikawa naichapia kitandani juu ya blanketi, na nikipumzika naifunika kwa kitambaa cha kufuma ikiwa bado inafanya kazi, kwani jirani yetu ni seremala na vumbi lake halina adabu. Ikaanza kunguruma, ikawa ya moto, nikaongeza kitambaa cha pili, Jumanne ikazima yenyewe, nikaiweka kwenye friji kando ya kabichi ipoe, ikawaka kidogo, ikazima tena, sasa inanuka plastiki na tumbo lake limetuna. Wifi anapiga simu kila siku, namjibu inaendelea vizuri. Jumatatu anawasilisha, na nakala nyingine hana. Mume wangu anasema, "Nyamaza, tutasema ilikufa yenyewe." Nifanyeje?

Mchapaji

Mchapaji, pole. Nilikuhurumia mpaka nilipofika kwenye friji. Mashine ikilowa umande ndani, umeipa ugonjwa wa pili. Laptopu hupumulia matundu yake, wewe umeyaziba chini kwa blanketi na juu kwa vitambaa, halafu unashangaa inaungua!

Usiirudishe kwenye friji tena. Usiiwashe, usiichomeke chaji, usiibonyeze. Kilichotuna ni betri, na betri ya hivyo huweza kushika moto, kwa hiyo iweke juu ya sakafu tupu, mbali na kitanda na pazia. Mwite fundi anayezijua aitoe betri, na neno lako la kwanza kwake liwe: "Nitolee kazi iliyomo, matengenezo baadaye." Mara nyingi mashine hufa na kazi ikapona, ingawa sikuapii.

Lakini kabla ya fundi, mpigie wifi yako. Kila ukisema inaendelea vizuri unamnyima siku ya kumwomba mwalimu wake muda. Mumeo mwambie ushauri wake umeusikia na hutaufuata. Kutojua kunasameheka, mama. Ukimwambia leo atalia, pengine atakutukana, na utastahili. Akija kugundua mwenyewe, hatakutukana. Atakusalimia kwa adabu, kama mgeni, maisha yenu yote.