Kibaraza cha Nguzoni

Busunzu, Kibondo
Jumapili, 20 Julai 1997

Kwa dada yangu Epifania,

Amahoro, dada. Leo nimerudi kutoka misani, nimekaa nyuma ya jiko ambako mama haji mara kwa mara, na nimeweka nadhiri kwamba nitakuandikia yote, hata yale ambayo mkono utakataa kuyaandika. Ukiona mahali wino umejaa kama tone, ujue hapo ndipo niliposimama kidogo.

Kwanza nieleze hali zenu. Kifua cha shemeji Sylvesta kimepona? Mtoto ameota jino la tatu, au bado anawauma kwa mawili? Sisi huku hatujambo. Mama amemaliza kuanika mihogo, ila mgongo unamkera akiinama. Mimi darasani naendelea vizuri, Fizikia nilikuwa wa pili, na yule wa kwanza hajisifu sana, kwa hiyo tunaelewana. Babu Manirambona anakula vizuri na anacheka, lakini macho yake sasa yanaona mwanga na vivuli tu. Juzi alimsalimia mbuzi wa jirani akidhani ni katekista. Alipoambiwa, alisema mbuzi ana adabu zaidi, maana alimwacha amalize kuongea.

Najua baba yuko kwako huko Kasulu tangu juzi Ijumaa, na najua hajakueleza kitu. Hapa nyumbani alisema ameitwa ofisini Kasulu, akakunja shati lake la kanisani ndani ya gazeti, akaondoka kabla ya chai. Kwako bila shaka anasema ni mambo ya kazi tu, kisha anatafuta kitu cha kutengeneza. Ukimwona anakaza misumari ya kiti ambacho hakijalegea, ujue ana mawazo. Basi ngoja nikueleze mimi.

Ulipoolewa, baba alikuwa bado anapanda nguzo za simu kwa vile vyuma vya miguuni. Baadaye goti lake la kulia likaharibika, na wewe uliliona lilivyovimba ile Krismasi. Kusimama juu ya vyuma saa nzima, uzito wote ukiwa magotini, kukawa mateso. Mama alikuwa akilikanda kwa maji ya chumvi kila jioni, na baba alikuwa akidai kwamba maji hayo ndiyo yanayomuumiza. Tulidhani ataachishwa kazi.

Mwaka jana Bwana Khatibu, mkubwa wa mafundi wa laini huko Kasulu, akamletea kifaa kimoja cha kujaribia. Wewe hujakiona. Ni ubao mgumu, ukubwa wake kama uso wa dawati letu la shule, na mtu mmoja anaubeba begani au nyuma ya baiskeli. Upande mmoja una chuma kilichopinda cha kukumbatia nguzo, pamoja na mnyororo unaozungushwa nguzo na kufungwa kwa komeo. Fundi anapanda kwa ngazi, anauvuta ubao kwa kamba, anaufunga, kisha anasimama juu yake kwa miguu yote miwili kama mtu aliyesimama mlangoni kwake. Ukiukanyaga, uzito wako ndio unaozidi kuubana kwenye nguzo. Kazi ikiisha unaufungua na kuuhamishia nguzo nyingine.

Ofisini wana jina lake refu, lakini huku kila mtu anakiita kibaraza, kwa sababu baba hunywea chai huko juu ikifika saa nne. Wanawake wanaokwenda mnadani humpigia hodi kutoka chini. Mmoja alimuuliza, Baba Epifania, leo nyumba yako imehamia huku? Baba alimjibu kwamba huku juu hakuna majirani wa kuja kuomba chumvi. Dada, sijamwona baba akifurahi hivyo kwa miaka mingi.

Lakini Bwana Khatibu alisema wazi tangu siku ya kwanza kwamba kibaraza ni cha majaribio. Kikitunzwa vizuri, mafundi wengine watapewa. Kikitumiwa vibaya, kinarudi. Na kikirudi, baba hawezi tena kupanda nguzo, na fundi wa laini asiyepanda nguzo hana kazi. Hilo ndilo jambo lenyewe. Mengine yote ninayokuandikia yanazunguka hapo.

Wiki mbili zilizopita simu ya kati ya Kibondo na Kasulu ilianza kuchanganya sauti. Mtu alikuwa anaongea na ndugu yake, mara anamsikia mganga mkuu akiagiza dawa. Jumanne iliyopita ikakatika kabisa. Baba na msaidizi wake Melkiadi wakafuata laini kwa miguu, nguzo kwa nguzo, mpaka nguzo ya mia mbili na kumi na nne, ng'ambo ya kijito, kwenye mashamba ya mihogo. Hapo wakakuta mzinga wa nyuki.

Usicheke bado. Ulikuwa mzinga wa gome, umefungwa juu kabisa, karibu na vile vikombe vyeupe vya nyaya. Baba akapanda, akafunga kibaraza chini yake ili aone vizuri, na nyuki wakamwona wao kwanza. Alishuka kwa namna ambayo goti lake lilikuwa limeisahau tangu ujana. Melkiadi alikuwa ameshatoweka mihogoni. Baadaye alieleza kwamba alikwenda kuita msaada, na mama akamuuliza ni muhogo gani alioutuma. Baba alirudi na sikio limevimba kama andazi, na kibaraza kikabaki juu pamoja na nyuki.

Kijiji kizima kilikuwa na la kusema. Walisema simu ya Busunzu sasa inatoa asali, kwamba ukipiga Kasulu uweke chombo sikioni. Lakini hakuna aliyethubutu kugusa ule mzinga, na wewe unajua kwa nini. Huku kwetu mzinga wa mtu ni wa mtu, hata ukiuning'iniza msituni miaka kumi. Alama iliyochongwa mdomoni mwake ndiyo jina la mwenyewe. Bwana Khatibu alipofika Alhamisi na gari, alitaka uvutwe kwa kamba uanguke, simu irudi, basi. Baba alimwambia kwa heshima kwamba mzinga haushushwi hivyo, na kwamba ataushusha yeye kwa moshi jua likipoa. Bwana Khatibu alisema hajawahi kuona nyuki wanaandikiwa barua ya ruhusa. Lakini alikubali, akamngoja.

Babu akaitwa aje kusaidia, maana hapa hakuna anayewajua nyuki kama yeye. Alisimama chini na kinyesi cha ng'ombe kinachotoa moshi, akimwambia baba polepole, sasa, ngoja, sasa. Mzinga ukashuka bila mtu kuumwa. Bwana Khatibu akaugeuza aone mdomo wake. Kulikuwa na mistari miwili na mwezi mwandamo. Kila mtu aliyekuwepo aliijua alama hiyo. Ni ya babu, ile aliyovuka nayo kutoka ng'ambo ya mpaka mwaka wa sabini na mbili, akiwa hana mzinga wowote wa kuichonga.

Ndipo Bwana Khatibu alipopanda mwenyewe kuangalia nguzo. Aliposhuka, alisema chini kidogo ya kibaraza kuna alama za zamani za mnyororo, zimeshaingia vumbi la miezi. Akauliza kifaa hiki kinalala wapi. Baba akajibu kinalala nyumbani kwake. Akauliza nani mwingine anacho hapa Kibondo. Baba akajibu hakuna. Bwana Khatibu akasema basi mtu aliyetumia mali ya kazi kufugia nyuki na kukata simu ya wilaya mbili anajulikana. Babu alifungua kinywa, na baba akamshika mkono. Kisha baba akasema mzinga ni wa kwetu na atajibu yeye. Kibaraza kikapakiwa garini, baba akaambiwa aripoti Kasulu kesho yake, aandike maelezo na kungoja kikao cha Ijumaa hii inayokuja.

Mimi nilikuwepo, dada. Nilikuwa nimeshika birika la maji ya kunawa. Sikusema neno.

Sasa nafika mahali pa tone la wino.

Mzinga ule niliutundika mimi.

Ilikuwa Jumatatu ya Pasaka. Baba na mama walikuwa wamekwenda Kasanda kwenye ubatizo, na mimi nilibaki na babu. Mwezi wa pili alikuwa ameshona mzinga mmoja wa gome kwa kupapasa tu, akauchonga alama, kisha akauweka kwenye kona ya jiko. Kila siku aliugusa akipita. Siku hiyo aliniambia mchwa ndio watakaokula alama yake, kwa sababu hana mjukuu wa kiume, na baba amejaliwa mabinti na nyaya. Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayesema kesho mvua itanyesha.

Unajua msichana hapandi mti huku. Wanasema ni aibu, na kwamba mzinga uliotundikwa na mwanamke nyuki hawauingii. Nikafikiri, kusimama kwenye kibaraza si kupanda mti. Nilimwona baba akikifunga mara nyingi nikimpelekea chakula. Mti mkubwa mnyororo haukuweza kuuzunguka, nilijaribu kwanza kwenye mninga wa karibu na kijito. Nguzo tu ndiyo uliyoweza kuizunguka. Na babu alikuwa ameniambia siku nyingi kwamba nguzo za simu zinavuma upepo ukipita, na mtu akiweka sikio anasikia kama mzinga uliojaa, kwa hiyo nyuki wangependa kukaa hapo. Nilimwamini. Mpaka leo namwamini, maana walikuja.

Nilivaa kaptula ya michezo chini ya sketi. Babu alishika ngazi. Nilikuwa nikitetemeka mpaka nilipofunga komeo na kusimama, na baada ya hapo sikutetemeka tena. Dada, niliona barabara yote hadi kwenye mlima, na paa la shule, na moshi wa jiko letu. Nikaufunga mzinga chini ya nyaya, mbali nazo, urefu wa mkono mzima. Nilipima. Kosa langu ni kwamba nilipima mzinga mtupu. Sikukumbuka kwamba asali ina uzito. Ulipojaa, kamba ililegea, ukainama upande mmoja, na ncha ya pili ya ule mti mrefu nilioufungia mzinga ikainuka, ikazisukuma nyaya mbili mpaka zikagusana. Aliyekuwa wa pili katika Fizikia ni mimi.

Babu ananiambia ninyamaze, atasema yeye ndiye aliyepanda. Nilimuuliza nani ataamini kwamba mzee asiyemtofautisha mbuzi na katekista alipanda nguzo ya simu. Alicheka, kisha akalia kidogo, kisha akaniomba uji.

Kuna mambo mawili zaidi, na nimeapa kuyasema yote. La kwanza ni baya. Bwana Khatibu aliposhuka kutoka kwenye nguzo, alisema aliyefunga mnyororo ule hakuwa mwanafunzi, kwamba alama zake ziko katika mstari mmoja, hazikuteleza hata mara moja, na kwamba hao vijana wake wa Kasulu wangejifunza hapo. Alisema hivyo ili kumbana baba. Lakini mimi pale na birika langu nilifurahi. Baba yangu anashtakiwa, na mimi nafurahi. Kwa hilo nimeungama leo asubuhi, na nilipotoka nikakuta bado nafurahi kidogo.

La pili nimeambiwa na Melkiadi jana, alipoleta ngazi. Kamba ya mzinga nilikuwa nimeisuka nyuzi tatu, kama ninavyomsuka mama nywele, kwa sababu sikujua mafundo ya wanaume. Melkiadi alisema kabla ya kushusha mzinga, baba aliishika ile kamba, akaitazama kwa muda mrefu mpaka moshi ukamwingia machoni. Kisha akakata kipande kilichosukwa, akakitia mfukoni mwa suruali, na mzinga akaufunga upya kwa kamba yake mwenyewe. Bwana Khatibu hakukiona. Melkiadi alinipa habari hiyo huku akiangalia nywele zangu, kisha akaondoka.

Kwa hiyo baba anajua. Alijua aliposema atajibu yeye, na alijua Ijumaa aliponiaga kwa kunishika kichwa na kuniambia nisome. Nikimwandikia yeye, atanikataza. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Mwalimu wa Fizikia anasema kuna chuo cha mafundi wa simu, na kwamba wanaweza kupokea wasichana. Sijamwambia mtu kwamba nimeandika jina la chuo hicho nyuma ya daftari. Pengine baada ya Ijumaa nitalifuta. Lakini baba asirudi kwenye vyuma vya miguuni kwa ajili yangu. Wakidhani mtoto wa kidato cha pili anadanganya ili kumwokoa mzazi wake, wanipe kile kibaraza na nguzo yoyote ya Kasulu, nipande mbele yao.

Mpe shemeji shikamoo yangu, umbusu mtoto mahali penye meno. Mama anakusalimu sana na anauliza kama zile mbegu za maharage ziliota. Babu anasema nyuki wale wameingia kwenye mti wa mninga karibu na kijito, na kwamba hawana kinyongo na mtu.

Dereva anayekuletea barua hii anarudi Jumatano, mpe jibu lako mkononi, hata kama ni neno moja tu: nipande basi la Alhamisi nije kusema mwenyewe mbele ya Bwana Khatibu, hata baba akikataa?

Mdogo wako akupendaye,
Spesioza