Hakuna Kisu, Hakuna Mtu

Jumatatu, 2 Machi
Wino wa mashine unakaribia kuisha tena. Nimefungua kibanda saa moja, nimefagia vumbi jeusi, nimepiga fotokopi za kadi za uchaguzi tano. Saa mbili nikamwandikia yaya Deo, kaka yangu mkubwa, neno lile la kila asubuhi: Dawa. Akajibu: Nimekunywa.

Ni miezi minane sasa tangu turudi kutoka India. Figo yangu ya kushoto inafanya kazi ndani ya tumbo la kaka yangu. Bidoni ya maji ya lita ishirini nanyanyua nusu tu. Hapa mtaani Murara wote wanaamini nilipasuliwa apandisi, kile kidole cha tumbo, na Deo alitibiwa kwa dawa. Mama ndiye aliyetaka hivyo. Nani atakuja kuposa msichana mwenye figo moja? Nilikubali. Nilikuwa nimelala na mipira puani, ningekubali chochote.

Jumanne, 3 Machi
Deo amenitumia kazi kwa WhatsApp. Nakala mia mbili, za lile kanisa lake la maombi kule Birere. Nikafungua. Picha yake, suti ya kijivu. Juu yake: FIGO ZILIKUFA, MUNGU AKAZIFUFUA. Chini: hakuna kisu, hakuna mtu, ni maombi ya siku arobaini.

Hakuna mtu. Nimelisoma hilo mara nne. Mimi ni nani basi, mbuzi?

Nikafikiri ni mchungaji aliyeandika. Nikamwuliza Deo. Akajibu: "Piga tu, Espe. Ni kazi ya Mungu." Nimepiga zote mia mbili. Hata sijui kwa nini. Karatasi kumi zimeharibika.

Alhamisi, 5 Machi
Leo sikumwandikia. Ni mara ya kwanza.

Akaja mwenyewe kuchukua karatasi zake, saa mbili kasoro. Amenenepa. Uso unang'aa. Kengele ya saa ya dawa ikalia kwenye simu yake mfukoni, akaangalia kama kuna mtu nje, akatoa vidonge ndani ya mfuko wa Biblia, akaomba chupa yangu ya maji. Akanipa mgongo, akameza. Haki ya Mungu! Mutu aliyeponyeshwa na maombi, anameza dawa na maji yangu, halafu anabeba karatasi.

Nikamwambia: "Yaya, na mimi?"

"Weye unajua. Mungu anajua. Inatosha."

Haitoshi. Nilitaka kumpiga kofi. Nikamfungia karatasi kwa mpira, mjinga mimi.

Ijumaa, 6 Machi
Mama Zawadi, jirani wetu wa parseli, tunaishi kiwanja kimoja, naye figo zimekufa, anasafishwa damu kwa mashine kila Jumanne na Ijumaa. Leo nimemkuta nyumbani anaosha sahani. Miguu imeanza kujaa. Juu ya mlango, uso wa Deo umebandikwa kwa sabuni. Karatasi imetoka kwangu, kuna ule mstari mweusi wa mashine yangu pembeni.

"Deo alipona bila kisu," akasema. "Na miye naachana na ile mashine. Leo njo siku yangu ya kwanza ya maombi."

Arobaini! Hatafika kumi. Deo aliporuka mashine mara mbili tu, tulimbeba ndani ya shuka, midomo imekuwa ya majivu. Nilikuwa nimeshika pembe moja ya ile shuka.

Nikampangusia sahani moja. Nikatoka kama mwizi. Najichukia.

Jumamosi, 7 Machi
Nimemwambia Mama: nitasema, na mchumba asiyenitaka asije. Alikuwa anachambua sambaza, vile visamaki vya ziwani. Akaanza kulia. Nikafikiri analilia ndoa yangu.

Hapana. Haikuwa ndoa kamwe. Deo ndiye aliyemwomba kule hospitali, siku moja kabla hatujapasuliwa. Kwamba mwanaume hawezi kutembea Goma watu wakijua anaishi kwa figo ya dada yake mdogo. Wakatafuta sababu ya kunifunga mdomo, wakapata ya mchumba.

Siku moja kabla. Mimi nikiwa chumba cha pili, nasali rozari kwa ajili yake. Angeweza kuniomba. Ningenyamaza kwa kuombwa tu.

Nikampigia Deo simu. Nikamwambia aende kwa Mama Zawadi, aseme kweli, leo. Akasema imani ya yule mama itamwokoa. Akasema kesho anatoa ushuhuda tena, nisimharibie. Akakata. Wameniuza wote wawili, na Mama akaniletea sahani ya chakula kana kwamba ni siku ya kawaida. Sikula.

Jumapili, 8 Machi
Sikwenda misa. Nilimkuta Mama Zawadi amevaa kwenda maombi, viatu vinakataa kuingia. Nikafunga mlango. Nikapandisha blauzi.

Akapitisha kidole juu ya kovu, mwanzo mpaka mwisho. Polepole.

"Apandisi haikae upande huu," akasema.

"Hapana, mama."

"Kumbe ni weye."

"Ni mimi."

Akakaa kitandani. Akavua kitambaa cha kichwa. Akalia kwa hasira, si kwa huzuni, na mimi pia. Kisha akasema, "Tafuta teksi."

Jumatano, 11 Machi
Mvua tangu alfajiri. Mama Zawadi yuko hospitali bado, jana amesafishwa damu mara ya pili, leo ameomba bugali. Ameniambia ile karatasi ameichana mwenyewe.

Murara yote inajua sasa figo ilitoka kwangu. Asubuhi wanawake wawili wamenisalimia huku wanaangalia tumbo langu. Mama anapika amenipa mgongo. Deo hajaja, hajapiga. Watu wanasema Jumapili alitoa ushuhuda vizuri sana.

Sijamsamehe. Naandika hapa ili nisijidanganye.

Saa mbili nilikuwa na simu mkononi. Siku sita sikuwa nimemwandikia. Nikaandika: Dawa.

Alama zikageuka bluu. Amesoma. Mteja alikuwa mlangoni na kitambulisho chake kimeloa, nikakikausha kwa kitenge, nikawasha mashine.