Hali Shwari, Afande

Jumamosi, masika yamekolea

Tangu alfajiri mvua haijapumzika. Ukungu umefunika milima yote, kiasi kwamba ukisimama hapa uani kwetu Mwembesongo huwezi kujua kama Uluguru ipo au imehama. Mama yuko jikoni anachemsha chai. Mimi nimekaa kitandani, simu mkononi.

Nasubiri ujumbe wa neno moja. Saa yake ya kawaida imeshapita.

Wageni wa blogu hii niwaeleze kidogo. Mimi ni askari polisi, koplo, nipo doria ya barabara ya Dodoma. Jina langu halimo humu na halitakuwemo. Mwenzangu wa doria ni konstebo, kijana wa mjini hapa hapa, nitamwita Hamisi. Ujumbe ninaousubiri ni wa kwake.

Kazini kwetu zamu inaanza na kuisha kwa swali moja. Redioni wanauliza, "Hali?" Unajibu, "Shwari." Ukizoea, mdomo unajibu wenyewe. Kuna asubuhi Mama aliniuliza nimeamkaje, nikamjibu "Shwari, afande," akacheka hadi akaweka sufuria chini. Hamisi na mimi hata siku za mapumziko tunatumiana. Yeye anaandika "Hali?", mimi naandika "Shwari", namuuliza na yeye, anaandika "Shwari". Mwaka mzima sasa tumeandikiana hivyo, na wote wawili tulikuwa tunadanganya.

Nitasema kwa ufupi kilichotokea, maana kirefu sikiwezi.

Mwaka jana, jioni, upande wa Gairo, lori la karanga liligongana na basi dogo, yakawaka. Sisi ndio tulikuwa karibu. Kabla hatujaona moshi tulisikia harufu. Karanga za kukaanga. Ilikuwa harufu nzuri, jamani, hiyo ndiyo inayoniumiza. Hamisi alikuwa kwenye usukani, akasema, "Koplo, ghafla nasikia njaa." Nikamwambia yeye tumbo lake halina likizo. Tukacheka. Kisha tukakata kona.

Tulifanya tulichoweza. Wengine tuliwatoa, wengine hatukuwafikia. Asubuhi yake tulisimama kwenye paredi tukiwa bado tunanuka moshi, tukaulizwa hali, tukajibu shwari.

Tangu hapo mimi sili karanga. Mama analima mboga huko Nyandira, na kila akishuka mjini ananipikia mchicha wa karanga kwa sababu anaona nimekonda. Nilimwambia nina vidonda vya tumbo. Sasa kila safari ananibebea kabichi ninywe juisi yake, na mimi nakunywa, askari mzima, kwa uongo nilioutunga mwenyewe. Usingizi ninaupata vipande vipande. Mlango ukibamizwa namfokea mtu yeyote aliye karibu, na mara nyingi aliye karibu ni Mama.

Hamisi yeye alikatika kabisa. Alianza kutapika kila tukikaribia ile kona. Halafu akawa haongei. Halafu siku moja hakuonekana lindoni, na kesho yake pia. Walimkuta kwa shangazi yake Mkuyuni, amekaa chini ya migomba, sare yake ameifua, ameinyoosha vizuri na kuitundika kwenye kamba. Hakubisha. Aliulizwa kwa nini ametoroka kazini, akasema hajui.

Jumatatu hii ilipangwa asomewe shitaka la utoro. Akitiwa hatiani anafukuzwa, na akifukuzwa anatoka kwenye nyumba ya kota na mke wake Zawadi, ambaye tumbo limeshashuka, muda wowote anajifungua. Atatoka bila matibabu, bila mafao, na jina la mtoro.

Sasa jana.

Jana aliletwa nesi wa kliniki ya afya ya akili atufundishe bwaloni. Mama mmoja mfupi, sauti ya chini, anaitwa nesi Agripina. Nilimpenda kabla hajasema kitu kwa sababu alivua viatu vyake vilivyolowa akavaa kandambili bila kuomba radhi kwa mtu. Lakini sisi tulikuwa tumepangwa kama tunavyopangwa siku zote, kwa vyeo. Mkuu wa kituo mbele, wakaguzi nyuma yake, masajenti, makoplo, hadi makonstebo ukutani. Yaani ukitaka kusema hulali, unasema ukiwa nyuma ya kisogo cha anayekupangia zamu.

Nesi alieleza vizuri. Alisema kiwewe si woga wala si mashetani. Akataja dalili moja moja kwa lugha nyepesi, na mimi nikawa natazama sakafu kwa sababu nilihisi ananisoma. Kisha akauliza, kwa upole wake, kama kuna mwenye kuziona dalili hizo kwake.

Kimya.

Mkuu wetu si mtu mbaya. Naliandika hili nikilimaanisha, yeye ndiye aliyemuomba nesi aje. Lakini aliona kimya kile kama utovu wa adabu kwa mgeni, akasimama, akatugeukia, akanguruma kama yuko kiwanjani: "Nani ana tatizo? Aseme, asiogope!"

Bwalo zima likajibu kwa pamoja: "Hakuna, afande!"

Na mimi nilijibu. Sauti yangu niliisikia, ilikuwa kubwa kuliko za jirani zangu. Nilipogeuza shingo nikamwona Hamisi kule ukutani. Mkono wake ulikuwa umeshapanda hadi usawa wa sikio. Aliugeuza akajikuna kichwa, akaushusha.

Nesi alitutazama tu, akaendelea. Akasema ugonjwa wa akili uliotokana na kazi ni ugonjwa wa kazi, sawa na askari aliyevunjika mguu akimkimbiza mwizi. Unatibiwa, mshahara hausimami, unapewa kazi nyepesi, na ukishindwa kabisa kurudi unaondoka na mafao yako kama mgonjwa, hufukuzwi kama mhalifu. Ila daktari lazima akuone mapema, kabla mambo hayajafika kwenye adhabu. Na inasaidia sana akiwepo mtu mliyekuwa naye siku ya tukio, aseme ulivyokuwa kabla na ulivyokuwa baada.

Mtu huyo ni mimi. Hakuna mwingine, tulikuwa wawili kwenye gari.

Mbona ulikuwa kimya, mtaniuliza. Nitawaambia ukweli. Nimeteuliwa kwenda kozi ya usajenti. Nimeisubiri kozi hiyo miaka, na nikisimama kusema Hamisi alibadilika baada ya lile lori, swali linalofuata ni jepesi tu: na wewe, Koplo, je? Kituoni kwetu askari akisemwa hana akili sawasawa, wanasema amepanda basi la Dodoma, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Nani anampeleka kozi mtu aliyepanda basi la Dodoma? Nimekaa na hesabu hiyo moyoni tangu Hamisi aandikiwe shitaka, na kila siku nilijiambia nitaongea kesho.

Tukapumzika kwa chai. Watu wa jikoni walikuwa wamejitahidi, wakaleta chapati, na kwenye kila meza sahani ya karanga za kukaanga, bado za moto.

Nilibana pumzi. Hamisi hakuwahi kubana yake. Alitoka mbio mkono mdomoni, tukamsikia akitapika kule nje bombani. Stafu sajenti mmoja, mtu wa utani, akasema, "Ee, kumbe mimba kabeba yeye, si mkewe!" Bwalo likaangua kicheko.

Na mimi nikacheka. Nilicheka huku machozi yananilenga, ili nisionekane sicheki.

Sijui mtu anawezaje kujidharau kiasi kile na bado akamaliza kikombe chake cha chai. Nilikimaliza.

Tuliporudi kukaa, nafasi ya Hamisi ukutani ilikuwa wazi. Nesi akamalizia, Mkuu akasimama kufunga. "Kuna swali? Kuna mwenye la ziada?" Bwalo likajibu, "Hakuna, afande!" Safari hii mdomo wangu haukufunguka. Badala yake nikajikuta nimesimama.

Mkuu akatabasamu. "Ehe, Koplo, tutolee neno la shukrani." Watu wakaanza kupiga makofi.

Hapo ningeweza kushukuru nikaketi. Maneno ya shukrani nilikuwa nayo tayari mdomoni, mgeni rasmi, itifaki imezingatiwa, yote. Nilijaribu kuanza kwa maneno ya kawaida, kama mtu anayezungumza na watu, yakagoma. Nikafanya kitu pekee ambacho mwili wangu unakijua mbele ya mkubwa. Nikapiga mguu sawa. Nikataja namba yangu, cheo changu, jina langu. Nikasema, "Afande, naripoti."

Makofi yakafa.

Niliripoti kama ninavyoripoti ajali. Kwamba tangu lile lori la karanga silali. Kwamba kilichomtoa Konstebo Hamisi hapa sasa hivi ni harufu iliyokuwa mezani, na mimi pia ilikuwa inanitoa ila nimebana pumzi. Kwamba kabla ya siku ile alikuwa askari wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, na aliyeondoka lindoni si mtoro, ni mgonjwa, na kwamba nilijua nikanyamaza. Sauti yangu ilikuwa kavu kabisa, hata mimi ilinishangaza. Nikamaliza pale tunapomalizia siku zote, ila sikuweza kulisema lile neno letu.

"Hali si shwari, afande."

Yule stafu sajenti alikuwa na karanga kiganjani, akazirudisha kwenye sahani taratibu, moja moja. Mvua ilikuwa inapiga bati. Nilibaki mguu sawa kwa sababu hakuna aliyeniambia niketi.

"Konstebo yuko wapi?" Mkuu akauliza.

"Bombani, afande."

Akatoka mwenyewe, bila kofia, kwenye mvua ile. Nesi Agripina akamfuata na kandambili zake zikipiga pa pa pa. Mimi nilitoka nikawaona kwa mbali. Hamisi alikuwa amechuchumaa, nesi ameinama anamwambia kitu, Mkuu amesimama pembeni hajui mikono yake aiweke wapi. Walipopita karibu yangu nilisema, "Hamisi." Alipita. Hakunitazama.

Baadaye Mkuu aliniita. Jumatatu shitaka halisomwi mpaka kwanza Hamisi aonwe na daktari, na mimi nitaitwa nieleze. Hajaahidi zaidi ya hapo. Kuhusu mimi, naonwa na daktari siku hiyo hiyo. "Kozi itasubiri," alisema. Itasubiri mpaka lini, hakusema. "Na silaha irudishe ghalani, Koplo, kwa sasa." Alisema kwa upole, lakini nilivuka kile kiwanja mchana kweupe, madirisha yote yakinitazama, na nikitembea nilisikia basi la Dodoma likinipigia honi.

Kozi inaniuma. Sitajifanya mtakatifu hapa, inaniuma sana.

Lakini kinachonikosesha raha leo si kozi. Ni kwamba nimemtaja Hamisi mbele ya kituo kizima bila kumuuliza. Nimesema kutapika kwake, nimesema ugonjwa wake, mbele ya watu ambao dakika chache kabla walikuwa wanamcheka, na mimi nikiwemo. Labda yeye alitaka kulibeba mwenyewe. Labda angependa kuitwa mtoro kuliko kuitwa nilivyomwita. Jana jioni nilimpigia, simu haikupokelewa. Nikampigia Zawadi, akasema, "Yupo, dada. Amelala. Mwache kwanza." Sikuelewa kama "mwache" ile ilikuwa ya huruma au ya hasira.

Na asubuhi hii, kwa mara ya kwanza tangu lile lori, hajaniuliza hali.

Mama amechungulia mlangoni. "We mwana, chai inapoa. Nimekutwangia na karanga, laini, hazitaumiza vidonda vyako, mchana nikuungie mboga." Nimemwambia nakuja. Ametazama uso wangu kidogo kuliko kawaida, au zaidi, sijui, akarudi jikoni.

Nimeandika hadi hapa nikasimama. Simu imetetemeka.

"Hali?"

Vidole vyangu vimeandika "Shwari" kabla sijafikiri. Nimelitazama lile neno. Nimelifuta herufi moja moja, nikaandika: "Mbaya. Yako?"

Inaonyesha anaandika. Inaacha. Anaandika tena. Nimeshika simu kwa mikono miwili.

"Mbaya sana, Koplo. Jana nimekukasirikia, halafu nikalala hadi asubuhi. Jumatatu tuongozane, peke yangu sifiki."

Nimelia, na nimelia kwa sauti, kwa hiyo Mama ameshasikia na hatua zake nazisikia zinakuja. Hapana, naenda mwenyewe. Naenda jikoni kumwambia kwa nini sili karanga zake.