Majani Aliyochuma Alhamisi

Moa, Mkinga
14 Septemba 2024

Mpendwa Kaka Edgar,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Songea, wewe na wifi na watoto, na kwamba kifua chako kimetulia tangu baridi ilipopungua. Ukiuliza habari za huku, mimi sijambo. Goti la kushoto linanisumbua nikipiga magoti kanisani, nikisimama linaacha. Mama mdogo anakusalimu sana. Anauliza kama bado unakula ugali kwa kijiko.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu zangu unazipokelea kiwandani kwenye kelele, na ninalotaka kukuambia sitaki kulisema mara mbili. Barua nampa Noa wa ofisi ya mabasi aifikishe.

Kwanza nikueleze habari za kikundi chetu cha mlonge, maana ulipokuja kumzika shemeji yako Timotheo hukupata mtu wa kukueleza vizuri. Mwaka juzi alikuja mwalimu mmoja kutoka Nguvumali, anaitwa Asmaa, kutufundisha kulima mlonge wa kuuza nje. Sisi mlonge tuliujua kama uzio, na majani yake kama mboga ya nazi pale mchicha unapokosekana. Siku ya kwanza mwalimu akasema mti ukifika kimo cha mtu ukatwe uishie kiunoni, ili utoe matawi mengi ya majani. Mama Kazija, mwenyekiti wetu, akamwambia, "Mwanangu, mimi nimepanda uzio miaka ishirini, leo waja nifundisha kuukata?" Watu wakacheka. Timotheo alirudi nyumbani akakata miti kumi jioni ileile, akasema atakayecheka aje acheke mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu Mama Kazija alikuja kuazima panga letu.

Tulifundishwa mengi. Samadi ya mbuzi tu, dawa ya dukani hapana. Ukichuma usiuache mti uchi, uuachie matawi ya kupumulia. Unanawa kwa sabuni, unafunga kitambaa kichwani, jani likianguka chini ni la mbuzi, halirudi kwenye kapu. Majani hayaanikwi juani, yanatandazwa kwenye vichanja ndani ya banda lenye wavu, kivulini, mpaka ukiyavunja yawe makavu na bado ya kijani. Jani lenye harufu yoyote ngeni linatupwa shimoni. Kila mfuko unaandikwa jina la aliyechuma, siku ya kuchuma na siku ya kufunga. Banda likajengwa uani kwetu kwa sababu tuna kisima, na ufunguo nikapewa mimi. Timotheo alikuwa akinitania kwamba nimekuwa bwana afya. Lakini naye alikuwa na lake. Alipenda kusema kwamba yeye hajavuka hata kwenda Pemba, ila majani yake yatapanda meli na kufika Ulaya kwa wazungu.

Mzigo wetu wa kwanza uliondoka mwezi wa tano, baada ya msiba, ukiwa umeshasagwa. Mwezi wa saba Asmaa alirudi na jibu. Mnunuzi ameukataa wote. Unga ni wa kijani, hauna mchanga, hauna unyevu, lakini unanuka moshi. Tulipeana unga ule mkono kwa mkono tukaunusa, na kweli ulikuwa hivyo.

Hapo watu wote wakamgeukia Uweso. Unamkumbuka Uweso, ndiye aliyetuchinjia mbuzi na kutupikia msibani ili Waislamu na Wakristo wale sahani moja. Kazi yake ya kila siku ni kukausha samaki kwa moshi pale chini pwani, na pikipiki yake ndiyo ilikuwa inabeba mifuko ya majani kwenda kusagwa. Mama Kazija alisema mbele ya watu kwamba mtu anayenuka ng'onda mpaka kwenye masikio hawezi kubeba mzigo wa Ulaya. Uweso alitazama chini. Akasema kama kikundi kimeona hivyo, basi ni hivyo. Akatolewa. Alikuwa ameng'oa mihogo yake yote akapanda mlonge, na tangu siku hiyo akawa anaukata na kuwapa mbuzi. Nilikuwa naona mbuzi wake wakipita wamevimba matumbo.

Nilikuhadithia hayo kwenye simu, nawe ukakasirika kwa ajili yangu. Ukachukua namba yake, ukampigia, ukamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Uliniambia umemkomesha mtu aliyeharibu jasho la marehemu shemeji yako. Sikukuambia kitu. Niliitika tu.

Sasa nakuomba usome polepole, kaka.

Timotheo alichuma majani siku ya Alhamisi, zamu ilikuwa yetu. Alichuma makapu manne peke yake, kwa sababu nilikuwa nafua. Nakumbuka alikuwa amevaa lile shati la mistari ambalo kifungo chake cha tatu nilikishona kwa uzi mwekundu, nilikosa mweupe. Tuliyatandaza pamoja saa kumi. Ijumaa asubuhi akaanguka mlangoni na ndoo ya maji mkononi, na mengine unayajua.

Jumamosi mvua ilikuja, wapishi wakawa wanalowa na mafiga yao pale wazi. Wewe ndiye uliyeamua yahamishwe ukutani mwa banda, upande usio na upepo. Ukanijia kwenye mkeka nilipokaa na wanawake, ukaniuliza kama ndani ya banda kuna kitu. Nilikujibu hakuna kitu.

Sikukudanganya, kaka. Wakati ule ungeniuliza jina langu ningefikiri kwanza. Masufuria yalichemka ukutani pale Jumamosi, Jumapili tulipozika, na Jumatatu. Kuni zilikuwa mbichi.

Jumanne mlipokwisha kuondoka nilifungua banda kulifagia, nikayakuta. Yalikuwa yamekauka vizuri na rangi yake imekaa. Niliyachota kiganjani nikanusa moshi. Kosa nililofanya bila kujua linaishia hapo. Yaliyofuata niliyafanya nikijua.

Nilijua pa kuyatupa. Shimo liko hatua ishirini, na mimi ndiye niliyewakemea wengine kwa jani moja lililoanguka. Nilijaza kapu la kwanza nikafika nalo mpaka shimoni, nikarudi nalo. Yalikuwa yametoka mkononi mwake. Nikawaza kwamba nikiyatupa, hakuna kitu chake kitakachosafiri. Nikayafunga. Kwenye lebo niliandika kwamba yalichumwa Jumatatu na kufungwa Alhamisi, ili ionekane yalishatoka bandani kabla ya msiba. Mifuko ile ikaenda kusagwa pamoja na ya wenzangu, harufu ikaingia kwenye unga wote. Ndiyo maana hakuna aliyefikiria masufuria ya msiba. Lebo ilikuwa inasema vingine, na mwandiko ulikuwa wangu.

Mtu alipotolewa kwa kosa hilo nilikaa kwenye mkutano nikanyamaza. Nilinyamaza wiki saba.

Jumatano ya wiki iliyopita nilimfuata Uweso kwenye moshi wake, nikamwambia kila kitu nikiwa nimesimama. Alikuwa anageuza samaki, akaendelea kugeuza. Nilipomaliza akaniambia kwamba alikuwa anajua. Siku ya mvua, alipokuwa akisogeza mafiga, aliyaona majani kupitia wavu, na alinisikia nikikujibu. Alisema moyoni kwamba huyu mama leo hajui asemalo, akakusudia kuyatoa mwenyewe, mara wali ukaanza kuungua akasahau. Kwa hiyo, akasema, na yeye yumo.

Nilimuuliza kwa nini basi alikubali kutukanwa na kijiji, na wewe ukamtukana kwenye simu. Haya ndiyo maneno yake: "Shemeji, ningesema nini? Kwamba wali niliompikia Timotheo ndio ulioharibu mzigo? Na wewe umekaa palepale na kitambaa cheusi kichwani? Haya, sema, ungekuwa wewe ungesemaje?" Kisha akanifungia samaki wawili, changu, kwenye gazeti, akakataa kabisa nilipotaka kulipa.

Jumamosi nilisimama mkutanoni nikaeleza kama nilivyokueleza wewe, pamoja na habari ya lebo. Asmaa aliandika kwenye daftari lake bila kuinua macho. Mama Kazija aliniuliza jambo moja tu, kama nilijua nilipokuwa naandika zile siku. Nikasema ndiyo. Akasema ufunguo niuweke mezani, nikauweka. Akamgeukia Uweso, akamwambia arudi kuchuma, hao mbuzi wake wamenenepa vya kutosha. Uweso akamjibu kwamba atarudi, ila mwenyekiti amnuse kwanza masikio mbele ya watu kama alivyoyasema mbele ya watu. Na Mama Kazija akainuka, mtu mzima yule, akaenda akamnusa. Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje.

Banda litahamishwa, litajengwa karibu na ghala la kijiji, pasipo nyumba ya mtu, maana nyumba ya mtu haikosi msiba wala arusi. Ufunguo amepewa Yudith, mwenzetu wa kikundi. Mimi nitachuma tu kwa misimu miwili, ndipo watanifikiria. Niliona ni haki. Mzigo mpya tunauanza mwezi ujao, na miti ya Uweso imeshachipua.

Limebaki lako. Kosa la mafiga si lako, uliuliza kwanza, na aliyejibu ni mimi. Lakini yale maneno uliyomwambia Uweso uliyasema wewe, na mimi siwezi kuyaondoa. Nilijaribu kumwomba radhi kwa niaba yako, akaniambia kwamba mwenye mdomo wake yupo na simu anayo. Namba yake haijabadilika. Baada ya swala ya alasiri huwa amepumzika, ndio wakati mzuri wa kumpata.

Msalimie wifi. Mwambie zile mbegu alizoomba nimezifunga kwenye kitambaa, Noa anazo pamoja na barua hii. Watoto nibusie kila mmoja, na yule mdogo mara mbili, kwa kuwa hajaniona. Misa ya Timotheo ya miezi sita itakuwa Jumamosi ya tatu ya mwezi wa kumi. Ukipata ruhusa uje. Anayepika ni Uweso, nimeshamwomba naye amekubali, na ningependa mkikutana uani pale muwe mmeshazungumza.

Mungu akulinde.

Ni mimi mdogo wako,
Devota